Kipaji Kilicholelewa Usiku

Katika parokia zetu tumezoea ushuhuda wa aina moja. Mtu alikuwa akipiga gitaa katika bendi ya dansi, akazoea ulevi, akaisahau familia yake, kisha akaguswa na Neno la Mungu, akaliuza gitaa na kuingia kanisani mikono mitupu. Tunapiga makofi na vigelegele, na tuna haki ya kufanya hivyo, kwa maana mwana aliyepotea amerudi. Lakini ni mara chache tunajiuliza gitaa limekwenda wapi, na kama gitaa lenyewe lilikuwa na kosa lolote.

Hilo ndilo swali letu katika kurasa hizi. Mtu anapomgeukia Mungu, afanye nini na kile alichokwisha kukijua, hasa kama alikijua mahali ambapo Kanisa halifiki? Tunaweza kulijibu kwa haraka, na kwa kawaida tunalijibu kwa haraka. Tumeona afadhali tulitazame polepole, kwa kufuata maisha ya mtu aliyeliishi swali hilo kwa karibu miaka mitatu bila jibu: Mary Lou Williams, Mmarekani mweusi, mpiga piano na mtunzi wa jazi.

Alizaliwa Atlanta, katika jimbo la Georgia, tarehe 8 Mei 1910, akakulia Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma. Mama yake alikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na alipokipiga alimpakata mtoto. Siku moja, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, vidole vyake vikaurudia wimbo ambao mama alikuwa ametoka kuupiga. Mama alishtuka, akatoka mbio kuwaita majirani. Hata hivyo alikataa kumtafutia binti yake mwalimu. Yeye mwenyewe alifundishwa kusoma noti, na kwa kuzitegemea noti akapoteza uwezo wa kupiga kitu kinachotoka moyoni. Hakutaka mtoto apate hasara hiyo. Basi mtoto akajifunza kwa kusikiliza.

Huko Pittsburgh familia yake iliishi karibu na wazungu ambao hawakutaka jirani mweusi, na matofali yalirushwa kwenye nyumba yao. Mtoto alipoanza kualikwa katika nyumba hizohizo kupiga piano, matofali yakakoma. Habari hii husimuliwa kama kisa kizuri kuhusu nguvu ya muziki. Sisi tunaona tusiipambe mno. Mtoto hapaswi kuinunua amani ya nyumba yao kwa vidole vyake. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na tangu umri huo alijua kwamba kipaji chake kina kazi ya kufanya kwa ajili ya watu wengine, zaidi ya kumfurahisha yeye.

Akiwa msichana alianza kusafiri na vikundi vya maonyesho, na ilipofika miaka ya 1930 alikuwa nguzo ya bendi ya Andy Kirk huko Kansas City. Mwanzoni hakujua kuandika muziki. Alimwimbia Kirk sauti za kila ala, naye Kirk akaziandika. Baadaye alijifunza mwenyewe, na punde bendi kubwa za nchi, ikiwemo ya Benny Goodman na ya Duke Ellington, zikawa zinapiga kazi zake. Hayo yalitokea wakati ambapo mwanamke katika bendi alitegemewa kuimba na kuvaa vizuri, basi.

Hatuna budi kusema kidogo juu ya namna alivyopiga, maana bila hivyo hatutaelewa ni kitu gani hasa alichokuja kukiweka mbele ya Mungu.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa ngoma. Ulitembea chini kwenye sauti nzito kwa hatua zinazojirudia bila kuchoka, kama wanawake wawili wanaotwanga kwa zamu katika kinu kimoja. Juu ya mdundo huo mkono wa kulia ulikuwa huru: ulitangulia, ulichelewa, ulinyamaza pale msikilizaji alipotazamia sauti, kisha ukasema mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Ndani yake kulikuwa na bluzi, yaani ule uimbaji wa watu weusi wa Marekani ambamo sauti moja hupindwa kidogo, isiwe ya furaha wala ya huzuni kamili. Mwimbaji huipinda kwa koo. Piano haipindiki, maana kila kibonye kina sauti yake iliyokwisha kupangwa. Basi wapiga bluzi huvigusa vibonye viwili vilivyo jirani kwa pamoja au kwa kufuatana upesi, na kati ya hizo sauti mbili sikio hulisikia lile pindo ambalo chombo chenyewe hakina. Mary Lou alikuwa bingwa wa jambo hilo.

Lakini kilichowashangaza wanamuziki wenzake kilikuwa kingine. Katika jazi, kama ilivyo katika mambo mengi, watu hubaki na mtindo wa ujana wao. Yeye hakubaki. Mwaka 1945 alitunga kazi yenye sehemu 12, moja kwa kila nyota, na usiku wa kuamkia mwaka mpya akaipiga pamoja na okestra katika ukumbi wa Town Hall, New York. (Msomaji asiwe na wasiwasi na habari za nyota. Hakuwa akipiga ramli. Zilikuwa picha za rafiki zake wanamuziki, kila mmoja kwa nyota ya kuzaliwa kwake.) Vijana walipokuja na mtindo mpya ulioitwa bibopu, wenye kasi na mpangilio wa sauti uliowaudhi wazee, yeye aliyewazidi umri aliwafungulia mlango. Klabu zilipofungwa usiku wa manane, akina Thelonious Monk, Bud Powell na Dizzy Gillespie walikwenda nyumbani kwake Harlem, wakaketi kwenye piano yake, wakaonyeshana walichokivumbua. Aliwakosoa, na alijifunza kutoka kwao. Hata hivyo, katika muziki wake mpya kabisa bado unaisikia ile ngoma ya mkono wa kushoto, na nyuma yake nyimbo za watumwa waliomlilia Mungu mashambani. Sisi Wakristo tuna neno kwa jambo kama hili: mapokeo. Tena mara nyingi tunalitumia vibaya, tukidhani kupokea maana yake ni kurudia.

Mwaka 1954, akiwa Paris, aliacha kupiga. Alikuwa na miaka 44, jina lake linajulikana pande mbili za Atlantiki. Alikuwa amechoka, pia alikuwa ameyaona mengi: wanamuziki wenye vipaji vya ajabu wakiliwa na dawa za kulevya, wakidhulumiwa na wenye klabu, wakifa kabla ya wakati wao. Alirudi New York, na Machi 1955 Charlie Parker alifariki akiwa na miaka 34. Mary Lou alianza kusali. Huko Harlem alilikuta kanisa la Bikira Maria wa Lurdi likiwa wazi, akawa anakwenda kuketi humo saa nyingi. Aliorodhesha majina ya watu wa kuwaombea. Nyumba yake ikajaa wanamuziki wagonjwa na waliokosa mahali pa kulala. Aliwapikia, aliwapa nguo, aliwasihi waombe pamoja naye. Fedha zilimwishia. Mwezi Mei 1957 alibatizwa katika Kanisa Katoliki pamoja na Lorraine, mke wa Dizzy Gillespie.

Hapa ndipo ushuhuda wetu wa kawaida ungeishia. Piano imeachwa, maji ya ubatizo yamemwagwa, makofi yapigwe. Yeye mwenyewe alielekea kulipokea jambo hilo hivyo. Aliona kazi ya kusali na kazi ya kupiga piano haziwezi kukaa katika mwili mmoja.

Waliomzuia walikuwa mapadre. Mjesuiti Anthony Woods, aliyemfundisha dini, na padre mwingine aliyeipenda jazi, John Crowley, walimwambia jambo ambalo wengi wetu tusingetegemea kulisikia kutoka kwa padre: arudi kupiga, na upigaji wake autolee kwa Mungu kama sala kwa ajili ya wengine. Gillespie naye alimsukuma. Julai ya mwaka huohuo wa ubatizo wake alipanda jukwaani katika tamasha la jazi la Newport.

Tuyatazame maneno hayo ya mapadre kwa makini, kwa sababu ni rahisi kuyasikia vibaya. Hawakumwambia kwamba muziki hauna shida, afanye apendavyo. Hawakumwambia pia aache muziki wa klabu apige nyimbo za kanisani tu, ambalo ndilo jibu la katikati tunalolipenda sisi. Walimwambia atoe. Kutoa sadaka si sawa na kuruhusiwa. Aliyeruhusiwa anabaki na kitu chake kama kilivyokuwa. Aliyetoa hana tena haki ya kukitumia kwa kujitukuza, ingawa bado kimo mikononi mwake na vibonye ni vilevile.

Mzee wa kanisa mwenye busara anaweza kutuuliza: lakini alirudi klabu! Watu walikuwa wakinywa pombe mbele yake. Mnatuambia nia njema huitakasa baa? Swali hili ni la haki, na hatutalikwepa. Nia ni kitu rahisi kujisifia, maana hakuna anayeiona. Mtu anaweza kusema anatoa huku akila. Ndiyo maana tunadhani nia ipimwe kwa kile kinachotoka mfukoni, nyumbani na katika saa za mtu. Mary Lou alianzisha mfuko ulioitwa Bel Canto wa kuwasaidia wanamuziki wenye shida, akafungua duka la vitu vya mitumba ili kuuendesha, na akatoa pia fungu la kumi la mapato yake. Duka halikustawi, hakuwa mfanyabiashara, na kila aliyekuja na hadithi ya kusikitisha aliondoka na kitu. Lakini katika klabu zilezile alizopiga walikuwamo watu ambao padre wa parokia asingewafikia kamwe. Kama piano yake ilimpa njia ya kuwafikia, ni nani angekwenda badala yake baada ya yeye kuiuza?

Tunakubali kwamba jibu hili halimfai kila mtu. Yupo ambaye kwake gitaa na chupa vimefungamana hata haviwezi kutenganishwa, na huyo akiliuza gitaa lake amefanya vema, wala asisumbuliwe na mfano wa Mary Lou. Tunachokataa ni kuifanya njia ya huyo kuwa sheria ya wote.

Na miaka ile mitatu ya kimya? Wapo waandishi wa muziki wanaoihesabu kuwa hasara. Hatukubaliani nao. Mtu hawezi kutoa kitu ambacho hawezi kukiacha. Alikiweka chini kweli, hata njaa ikamgusa, na kwa hiyo alipokiokota tena alikuwa anaokota kitu cha mwingine.

Kanisa lenyewe halikuwa tayari. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu ambayo yalikataza piano kanisani, na katika sentensi hiyohiyo yakakataza ngoma na matoazi. Jambo hilo linastahili kufikiriwa na sisi ambao Jumapili hii tuliingia kwa maandamano tukifuata ngoma na kayamba. Piano ya Ulaya na ngoma ya bibi zetu zilisimama nje ya mlango mmoja. Mlango ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliotoa hati yake ya liturujia Desemba 1963. Hati hiyo iliendelea kukipa heshima kinanda cha kanisa, lakini ikaruhusu ala nyingine zinazofaa, kwa idhini ya viongozi wa mahali, na ikataka muziki wa mataifa upewe nafasi yake katika ibada.

Mary Lou hakungoja. Mwaka 1962, Papa Yohane wa 23 alipomtangaza Martin de Porres kuwa mtakatifu, yeye alimtungia utenzi kwa maneno ya Padre Woods. Martin alikuwa bradha Mdominiko wa Lima, Peru, mwana wa Mhispania na mwanamke mweusi aliyeachiwa huru kutoka utumwani. Maisha yake yalikuwa kufagia, kuuguza na kugawa chakula, na hata leo picha zake humwonyesha na ufagio. Kwa sehemu kubwa ya utenzi huo waimbaji huimba bila ala, taratibu, kwa sauti zilizopangwa kwa ukaribu hata zinakaribia kugongana. Piano husubiri, kisha huingia kwa mdundo wa Amerika ya Kusini kwa muda mfupi na kunyamaza. Mpiga piano hodari wa kiwango chake angaliweza kuijaza kazi nzima kwa vidole vyake. Tunadhani kule kusubiri kwa piano kunaonyesha, kuliko maelezo yoyote, maana ya kutoa.

Baadaye alitunga Misa tatu. Ya tatu, Misa ya Amani, inatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ambayo wengi hatuijui. Julai 1969 ilisikika New York katika ibada ya kumkumbuka Tom Mboya, waziri wa Kenya na Mkatoliki, aliyekuwa ameuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 ya mwezi huo. Muziki uliolelewa katika klabu za Kansas City na Harlem ukamlilia mtoto wa Kisiwa cha Rusinga. Misa hiyo, iliyokuja kujulikana kwa jina lake yeye, ilifika katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick mwezi Februari 1975, miaka karibu 18 tangu ubatizo wake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Misa ya jazi kuadhimishwa humo. Alikuwa amepiga hodi kwa muda mrefu, kwa barua na kwa maombi, na milango mingine haikufunguliwa kabisa. Hakuliacha Kanisa kwa sababu hiyo. Wala hakunyamaza.

Tusimfanye malaika. Imani haikumpunguzia ukali. Aliamini jazi imetoka katika mateso ya watumwa na nyimbo zao za kiroho, na yeyote aliyeisahau asili hiyo, kwake alikuwa anapiga kelele. Aprili 1977 alipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall pamoja na Cecil Taylor, mpiga piano wa mtindo huru kabisa. Alitaka watembee pamoja katika historia nzima ya muziki wao. Taylor akaenda njia yake kama mto uliofurika, na piano mbili zikawa zinapigana. Santuri ya usiku ule ilipewa jina lenye maana ya kukumbatiana, na anayeisikiliza anaweza kutabasamu. Hata hivyo tunaona neno la kheri ndani yake. Akiwa na miaka 66 alikuwa bado anamwalika ajaye baada yake, ajapokuwa hakumwelewa.

Swali linarudi kwetu katika mambo madogo. Parokia nyingi zina kijana anayepiga kinanda Misa ya kwanza Jumapili, macho yakiwa mekundu kwa sababu Jumamosi usiku alikuwa akipiga kwenye harusi au hotelini, maana huko wanamlipa na kanisani tunampa asante. Tunamnong'ona. Huenda tumewahi kumtaka achague. Je, tumewahi kumuuliza anasali vipi akiwa kule? Je, tumewahi kumwuliza ni nani anaowaona kule usiku, wamekaa peke yao, ambao majina yao yangepaswa kuwamo katika maombi ya waamini asubuhi?

Mary Lou Williams alimaliza siku zake Durham, North Carolina, akifundisha katika Chuo Kikuu cha Duke tangu mwaka 1977. Alifariki huko tarehe 28 Mei 1981. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, akiwa tayari mgonjwa wa saratani, alianzisha mfuko mwingine. Huu ulikuwa wa watoto wa miaka 6 hadi 12, ili kila mmoja apate kuketi karibu na mwanamuziki wa kweli, ajifunze kwa kusikiliza.